Tally, Odoo, ERPNext au Business Central: mfumo upi kwa kampuni inayokua?

Muuza vifaa vya ujenzi hununua nondo kwa tani na kuziuza kwa kipande. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.66 hivi, kwa hiyo tani tano ni kama vipande 469. Mhasibu ameingiza tani tano kwenye Excel yake. Mtunza stoo, aliyehesabu kwa mkono lori likishushwa, ameandika vipande 464 kwenye daftari. Huenda hakuna aliyekosea, maana nondo hazitoki kiwandani zote na uzito uleule. Lakini mwisho wa mwezi vipande vitano havina mwenyewe, na maneno yanaanza: vimeibwa, au vimeuzwa bila risiti?

Chukua hesabu hiyo uitie kwenye bidhaa elfu moja na mia nane, maduka matatu na ghala mbili. Hapo ndipo mwenye kampuni anaponipigia simu: "Dada, tutafutie mfumo."

Kazi yangu ni uhasibu, na kwa miaka sasa nimekuwa nikihamisha kampuni kutoka Excel na mifumo midogo kwenda mifumo inayobeba mauzo, stoo, manunuzi na hesabu mahali pamoja. Hapa nalinganisha minne ambayo huja mezani mara nyingi kwetu Afrika Mashariki: TallyPrime, Odoo, ERPNext na Microsoft Dynamics 365 Business Central. QuickBooks nimeiacha kwa sababu wengi wanaoniuliza wanatoka huko, tena Intuit, kampuni inayoitengeneza, yenyewe iliacha kuwauzia wateja wapya wa Marekani matoleo ya kompyuta ya Pro na Premier mwishoni mwa Septemba 2024. SAP Business One, mfumo mwingine wa aina hii, nayo ni nzuri, ila mengi nitakayosema juu ya wakala na gharama za Business Central yanaigusa pia.

Vigezo kabla ya majina

Kabla hujaketi na muuzaji yeyote, andika mambo sita kwenye karatasi. Gharama nzima ya miaka mitatu, pamoja na mafunzo, sava na fundi. Namna mfumo unavyoshika ghala na vipimo. Kinachotokea mtu akitaka kufuta alichokwisha kuandika. Risiti za kodi na mishahara. Umeme na intaneti vikikatika. Na la sita, nani atakuwa mlezi wa mfumo huo ndani ya kampuni yako.

Hilo la sita nalipa uzito kuliko mengine yote. Nimeona mifumo ya gharama kubwa ikigeuka mashine ya kuchapia ankara tu, na nimeona mfumo wa bure ukiendesha kampuni ya malori vizuri kwa sababu binti mmoja wa hesabu aliupenda na akaumiliki.

Minne yenyewe

TallyPrime ni ya Tally Solutions ya Bengaluru, India, kampuni iliyoanza mwaka 1986. Maduka mengi ya jumla Dar es Salaam na Nairobi yanaijua kwa vidole: F8 mauzo, F9 manunuzi, F5 malipo. Hata ghala, kwenye mpangilio wake wa India, inaiita Godown, neno ambalo sisi tunalitamka godauni tangu enzi za mababu.

Odoo ilianzia Ubelgiji mwaka 2005 kwa mkono wa Fabien Pinckaers, ikiitwa TinyERP, baadaye OpenERP, na tangu 2014 Odoo. Ina matoleo mawili: Community, ambalo ni huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote) na la bure, na Enterprise, ambalo unalilipia. Imejengwa kwa vipande. Unaanza na mauzo na stoo, kesho unaongeza kiwanda au duka la mtandaoni.

ERPNext inatoka Frappe ya Mumbai, kampuni ya Rushabh Mehta. Yote ni huria, leseni ya GPL toleo la 3. Hakuna toleo la pili lenye mambo yaliyofichwa kwa wanaolipa.

Business Central asili yake ni Navision ya Denmark, iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2002. Jina la sasa lilikuja 2018. Inauzwa kupitia mawakala.

Gharama ya miaka mitatu

Tally unanunua leseni mara moja. Silver ni ya mtumiaji mmoja, Gold ni ya watumiaji wengi kwenye mtandao wa ofisi moja. Kisha unalipa ada ya kila mwaka ukitaka kuendelea kupata matoleo mapya. Kwa kampuni ya watu kumi na tano wanaogusa mfumo, na wote wako jengo moja, ni vigumu kuishinda kwa bei.

Odoo Enterprise na Business Central zinatoza kwa kila mtumiaji kwa mwezi, na hapa wengi huumia kwa sababu walipiga hesabu ya watu wanane, mwaka wa pili wakawa ishirini. Business Central ina leseni nyepesi ya wale wanaosoma na kuidhinisha tu, kwa hiyo orodhesha nani kweli anaandika na nani anatazama. Ukihitaji moduli ya uzalishaji kiwandani, leseni inapanda daraja, kutoka Essentials kwenda Premium.

Odoo Community na ERPNext hazitozi mtumiaji. Unalipia sava na mtu. Sentensi hiyo fupi huwapoteza wengi: "bure" inageuka mshahara wa fundi, au mkataba na kampuni ya hapa mjini, na usipouweka kwenye bajeti utaulipa kwa dharura. Odoo Community ina shimo moja unalopaswa kulijua mapema. Inatoa ankara, lakini uhasibu kamili, yaani mizania, faida na hasara na usuluhishi wa benki, umewekwa kwenye Enterprise. Kuna moduli za jumuiya zinazoziba pengo hilo na zinafanya kazi, ila lazima awepo wa kuzitunza kila toleo jipya likitoka. ERPNext haina pengo hilo.

Jambo dogo la Tanzania: tangu Machi 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa kwa dola. Wakala wa hapa akikuletea mkataba wa dola, muombe wa shilingi, na muulize nani anabeba mabadiliko ya thamani ya fedha.

Ghala na vipimo

Turudi kwenye nondo zetu, kwa sababu hapa mifumo hii inaachana waziwazi.

Kwenye ERPNext na Business Central, kila bidhaa ina ulinganisho wake wa vipimo. Nondo ya milimita 12 unaiambia tani moja ni vipande 93.8, ya milimita 16, yenye kilo kama 19 kwa kipande, unaipa namba yake, na maisha yanaendelea. Tally nayo inakuruhusu kuipa bidhaa kipimo cha pili, na uzuri wake ni kwamba siku lori likileta vipande 464 badala ya 469 unaweza kuandika hesabu halisi ya mzigo huo palepale kwenye ingizo. Kwa mfanyabiashara wa nondo, mbao au nyama, hilo ni jambo kubwa. Odoo, kwa matoleo mengi yanayotumika leo, inaweka ulinganisho kwenye kundi la vipimo, kwa hiyo nondo za unene tofauti zinahitaji kila moja kundi lake. Inawezekana, ila ifanyike mwanzoni. Kuibadilisha baada ya mauzo kuanza ni kazi ya machozi.

Kwa upande mwingine, mzigo ukihamahama sana, Odoo ndiyo inayonivutia. Mali inapokewa kwanza, inakaguliwa, inapangwa rafuni, inapakiwa, na kila hatua ina skrini yake ambayo kijana wa ghala anaielewa siku ya kwanza. Business Central ina nguvu kama hizo au zaidi, lakini skrini zake zimejaa na zinadai mafunzo marefu. Tally inajua mali iko godauni gani, batchi ipi na inaisha muda lini. Safari ya mzigo ndani ya ghala haiifuatilii kwa undani huo.

Kwa waagizaji wa kontena swali ni moja: je, nauli ya meli, ushuru, ada ya wakala wa forodha na lori la kutoka bandarini vinaweza kugawanywa juu ya kila bidhaa ili bei ya kufikia stoo iwe ya kweli? Minne yote inaweza. ERPNext ina hati maalum ya kazi hiyo, Odoo pia, Business Central inatumia ada za ziada zinazopachikwa kwenye bidhaa, na Tally ina mpangilio wa gharama za ziada za manunuzi. Tatizo huwa ni ankara ya wakala wa forodha kuchelewa hadi nusu ya kontena imeshauzwa. Mwambie muuzaji wa mfumo akuonyeshe hali hiyohiyo, asikuonyeshe ile rahisi.

Kilichoandikwa kinafutika?

Hapa naomba mwenye kampuni asome mwenyewe, asimwachie mhasibu.

Kwenye ERPNext hati ikishathibitishwa haibadilishwi. Ukikosea unaibatilisha, unatengeneza mpya iliyorekebishwa, na zote mbili zinabaki kwenye kumbukumbu. Business Central ni kali vilevile: ankara iliyokwisha kuingizwa kwenye vitabu inarekebishwa kwa kreditinoti, yaani hati ya kupunguza au kufuta deni la ankara, basi. Odoo inakubali ankara irudishwe kuwa rasimu, ingawa unaweza kufunga tarehe ili za nyuma zisiguswe. Tally kwa desturi yake humwachia mhasibu mwenye ruhusa arudi nyuma, abadili au afute. Lipo sasa toleo lake lenye kumbukumbu ya mabadiliko, linaloandika nani alibadili nini, na kampuni yenye watu zaidi ya watatu kwenye hesabu nisingeiruhusu itumie jingine.

Wahasibu wengi wanapenda uhuru huo wa Tally na ninawaelewa, maana kosa la saa mbili usiku linarekebishwa kwa sekunde kumi. Lakini kampuni inapokua, mwenye mali hayupo tena dukani kila siku. Anachosoma kwenye ripoti ndicho anachokijua.

Ulizia pia stoo hasi, yaani kuuza kitu ambacho mfumo unasema hakipo. ERPNext inakataa mpaka uiruhusu. Business Central inakataa ukiwasha kizuizi hicho. Tally inaonya na kupitisha. Odoo nayo hukubali mzigo utoke. Siku za kwanza kila mtu analalamikia kizuizi, kwa kuwa mteja amesimama kaunta na mali anaiona kwa macho. Kinacholaumiwa ni mfumo, kumbe mapokezi ya jana hayajaingizwa.

Risiti, kodi na mishahara

Tanzania tuna mashine za EFD, zile za risiti za kodi, tangu 2010 na sasa risiti za VFD, zinazotolewa na programu bila mashine. Kenya ina eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, na tangu Januari 2024 matumizi yasiyo na ankara ya eTIMS, ukiacha machache yaliyosamehewa, hayakubaliki kupunguza kodi. Uganda wana wa kwao, EFRIS, na Rwanda EBM. Mfumo usiozungumza na mamlaka ya kodi ya nchi yako unamlazimisha keshia aandike mauzo mara mbili, na mara ya pili huandikwa kwa uchovu.

Kwa Kenya, Odoo Enterprise ina moduli yake yenyewe ya eTIMS. Kwa Tanzania, katika yote minne usitegemee kitoke kiwandani kikiwa tayari. Viunganishi vya VFD hutengenezwa na kampuni za hapa. Kwa hiyo unachokinunua kwa kweli ni kiunganishi na mtu aliyekitengeneza. Omba kuona risiti ikitoka mbele yako, pamoja na kreditinoti yake, na uulize inakuwaje mtandao wa mamlaka ukiwa chini.

Mishahara nitaipita haraka. Business Central haina mishahara kamili ndani yake, utaongezewa na wakala. Tally, Odoo Enterprise na ERPNext, kupitia programu ya Frappe HR, zinayo, na zinakubali upange PAYE, NSSF, WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) na marejesho ya bodi ya mikopo kwa kanuni zako. Angalia tu kama mtu wako mwenyewe anaweza kubadili kiwango. SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, ilishuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5 mwaka 2023, na Kenya mfuko wa bima ya afya wa SHIF ulichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Si vyema kumlipa fundi kila bunge linapopitisha bajeti.

Umeme na intaneti

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikazorota kuanzia Tanzania hadi Kenya. Waliokuwa na Tally kwenye kompyuta ya ofisini waliendelea kuuza. Ndiyo nguvu yake kubwa. Udhaifu wake uko hapohapo: data yote iko kwenye kompyuta moja chini ya meza ya mhasibu, na bakapu ni jukumu lako. Flashi iliyosahaulika kwenye droo haihesabiki.

Odoo na ERPNext unaweza kuziweka kwenye sava ya kukodi au sava yako mwenyewe ofisini. Skrini ya kaunta ya Odoo huendelea kuuza kwa muda intaneti ikipotea, alimradi hukuifunga. Business Central ya mtandaoni inadai intaneti muda wote, ingawa lipo pia toleo la kuweka kwenye sava yako. Ukiwa na matawi mikoani, Tally ndiyo inayokupa kazi zaidi, ama kuunganisha data za matawi ama kuingia kwa mbali. Hii mingine mitatu tawi la Mbeya linafungua kivinjari tu. Na kama taarifa za wafanyakazi na wateja zitakaa kwenye sava ya nje ya nchi, soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kabla ya kusaini.

Nani atakuwa mlezi

Kampuni moja niliyoihamisha ilikuwa na nondo ya milimita 12 kwa majina sita kwenye Excel: "Nondo 12", "NONDO MM12", "Y12", "nondo y 12", "Nondo 12mm mpya", "Y12 zamani". Nikataka kuziunganisha zote. Mtunza stoo, mzee aliyekaa pale tangu kampuni ikiwa chumba kimoja, akaweka kidole kwenye mstari wa sita: "Hapana dada, hii usiichanganye. Hizi ni zile zilizokatwa kwa ajili ya lori dogo, mita tisa. Bei yake nyingine."

Hakuna muuzaji wa mfumo angelijua hilo. Tulipitia orodha nzima naye kwa wiki mbili, kalamu mkononi, na tangu siku hiyo hakuna bidhaa mpya inayoingizwa bila yeye kuipa jina. Mfumo ule unaishi mpaka leo kwa sababu yake.

Kwa Tally, mlezi ni mhasibu, na wa kumbadilisha akiondoka wanapatikana kila mji. Kwa Odoo unahitaji mtu wa ndani mwenye akili ya kupanga kazi, pamoja na kampuni ya nje yenye wajuzi wa Python, lugha ya programu ambayo Odoo imeandikwa. Mwombe huyo wa nje abadilishe vitu vichache kadiri inavyowezekana, kwani toleo jipya hutoka kila mwaka, matatu ya karibuni ndiyo yanayohudumiwa, na kila ulichokibadilisha kitakudai wakati wa kuhama. ERPNext inadai kijana wa kompyuta asiyeogopa Linux. Ukiwa naye unapata uhuru mkubwa, akiondoka bila kuacha maandishi unabaki na nyumba isiyo na funguo. Business Central ya mtandaoni inajihuisha yenyewe mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, na mlezi wake halisi ni wakala, kwa hiyo chagua wakala kwa makini kuliko unavyochagua mfumo: ongea na wateja wake wawili, bila yeye kuwepo.

Kwa hali yako

Kama wewe ni mfanyabiashara wa jumla, ofisi na ghala viko pamoja, intaneti ni ya mashaka na mhasibu wako ni hodari, Tally Gold yenye kumbukumbu ya mabadiliko itakutosha kwa miaka. Nunua na diski mbili za bakapu, moja ilale nyumbani.

Kama una maduka, ghala na pengine mauzo ya mtandaoni, na unaongeza kitu kipya kila mwaka, itazame Odoo Enterprise. Anza na mauzo, stoo na hesabu. Mengine yasubiri mpaka umefunga miezi mitatu bila kurudi Excel.

Kama una watumiaji wengi na fedha kidogo, mfano shule kubwa, shirika, kiwanda cha chakula au kampuni ya usafirishaji, na una kijana wa kompyuta unayemwamini, ERPNext inakufaa. Ajiri wa pili mapema.

Kama mna wakaguzi wa nje wakali, mkopo wa benki kubwa, kampuni tanzu katika nchi mbili au tatu, au wawekezaji wanaodai ripoti kila mwezi, Business Central inastahili bei yake.

Na kama bado umekwama kati ya miwili, waite wauzaji wote wawili waje na kompyuta zao siku moja, wape bidhaa zako kumi zenye usumbufu kuliko zote, na uwape kazi ileile: pokea tani tano za nondo zilizofika na vipande 464, uza 40, rudisha 3, futa ankara moja, toa risiti, kisha nionyeshe zimebaki ngapi. Muweke mtunza stoo wako kiti cha mbele.